Kombe la Mdogo Wangu

Chupa ilikuwa inakuja kila Ijumaa na basi la kutoka Korogwe, na aliyetakiwa kwenda stendi kuipokea ni mimi. Kondakta wa basi lile ni kijana ambaye mizigo ya watu wengine huiporomosha kutoka juu ya gari bila kuangalia inaangukia wapi. Chupa hiyo alikuwa akinikabidhi kwa mikono miwili. "Shikamoo, dada yake shehe," alikuwa akisema. Nimefanya kazi maabara hapa Handeni miaka mingi. Nusu ya mji huu nimeitoa damu, nimewaambia watu wana malaria au hawana, wana mimba au hawana. Pale stendi yote hayo hayahesabiki. Mimi ni dada yake shehe.

Ndani ya chupa kulikuwa na kombe. Mdogo wangu, anayeishi Mkumbara, huchukua sahani nyeupe, akaandika juu yake aya za Kurani kwa wino wa zafarani, kisha akaosha yale maandishi kwa maji na marashi mpaka sahani inakuwa nyeupe tena. Maji hayo ya njano ndiyo dawa, na mgonjwa huyanywa asubuhi kabla hajala kitu. Mgonjwa wetu alikuwa mama. Mama alikuwa anaishi kwangu, Chanika, anakula kwangu, analala kwenye chumba nilichowahamisha wanangu ili apate dirisha linaloingiza upepo.

Niseme mapema kwamba nilimwonea mdogo wangu wivu. Wala haukuwa ule wivu wa kuja na kuondoka. Nikifika nyumbani na ile chupa nilikuwa nakaza kizibo kwa nguvu zangu zote ili mama ahangaike kukifungua. Mama hakuhangaika. Alikuwa anamwita mtoto wa jirani.

Tulipokuwa wadogo mimi ndiye niliyekuwa mbele madrasa. Nilikuwa nasoma kwa sauti mpaka mwalimu anafumba macho, na mdogo wangu wakati huo anasinzia, mate yanamdondokea kwenye juzuu. Shuleni pia nilimwacha mbali. Mimi nikaenda sekondari, kisha chuo cha afya. Yeye akafeli darasa la saba, na kwa kuwa haikujulikana afanywe nini, marehemu baba akampeleka kukaa kwa shehe mmoja Korogwe mjini. Tulidhani amekwenda kusogeza siku. Akarudi na kanzu, sauti nzuri na marashi yanayomtangulia mlangoni, na watu wazima wakaanza kusimama akiingia. Mimi nilirudi na cheti. Waliokuwa wamekaa waliendelea kukaa.

Lakini kanzu na marashi ningevivumilia. Kilichonikera ni kingine. Chuoni, nilipoanza kuangalia vijidudu kwenye hadubini, dua zangu zilianza kupungua. Hakuna aliyenikataza kuswali. Niliona tu kwamba mambo haya mawili hayawezi kukaa chumba kimoja: ama homa inaletwa na kijidudu, ama inaletwa na Mungu, na mimi kijidudu nilikuwa nimekiona kwa macho yangu. Siku hizi nafunga Ramadhani, sikukuu napika pilau, na swala naswali kwa kurukaruka. Mdogo wangu hakuwahi kubanwa na swali hilo hata siku moja. Watoto wake wote wamechanjwa, na kadi zao za kliniki anazitunza vizuri kuliko ninavyotunza za wanangu. Kichwa kikimuuma anameza panado huku anasoma dua, na wala haoni kama hapo kuna la kuchagua. Mimi niligawanyika, yeye akabaki mzima, na yeye ndiye aliyefeli.

Mama aligundulika ana kisukari akiwa bado Mkumbara. Mdogo wangu alinipigia simu akasema, "Dada, mchukue. Huko kwako kuna vipimo." Nikamchukua. Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini nilikuwa namtoboa kidole, naweka tone kwenye mashine ndogo ya kupimia sukari, naandaa vidonge vyake, napitia sufuria kuona asije akapikiwa ugali wa kumshibisha mtu wa kulima. Wageni walipokuja kumjulia hali, mimi ndiye niliyewaletea chai.

"Mama umenawiri," jirani mmoja alimwambia.

"Alhamdulillahi. Mwanangu wa Mkumbara ananiandikia kombe."

"Na huyu bintiyo si ndiye yuko hospitali?"

"Huyu," mama akasema, akininyooshea kidole wakati nimeshika trei, "huyu ndiye anayeninyima sukari kwenye chai."

Wakacheka wote. Nilicheka pia, kwa sababu ukiwa umeshika trei ya vikombe vya moto huna pa kukimbilia.

Ningeweza kujifariji kwamba matokeo yangejisema yenyewe, lakini matokeo yalikuwa upande wa mdogo wangu. Namba za mama za asubuhi zilikuwa juu. Nilizipeleka kwa daktari, akaongeza dawa. Zikabaki juu, akaongeza tena. Mama akaanza kusema kwamba vidonge vyetu havimsaidii kitu, na kwamba kama si lile kombe angekuwa amekwisha kufa. Namba mbaya zilikuwa zangu, na uhai ulikuwa wa mdogo wangu. Nilikuwa naisafisha ile mashine kwa pamba, nabadilisha betri, najipima mwenyewe kuhakikisha haidanganyi. Haikuwa inadanganya.

Kisha ikaja Alhamisi ambayo mama alikuwa amefunga sunna. Nilikuwa nimemkataza, naye alikuwa ameniitikia kama anavyoitikiwa mtoto anayelia. Alikula daku, akameza vidonge vyake kabla ya adhana, bila kuniambia. Mchana nilirudi kutoka kazini mapema nikamkuta amekaa kwenye mkeka wake, nguo imelowa jasho, anaongea Kizigua na mtu ambaye hayupo. Nikampima. Sukari ilikuwa imeshuka vibaya sana. Nilikoroga sukari kwenye maji nikamwekea kikombe mdomoni.

Akafumba meno. "Nimefunga."

"Mama, kunywa. Utapoteza fahamu."

"Nimefunga."

Nilimsihi, nikamfokea, nikajaribu kumfungua mdomo kwa vidole. Mikono yake ilikuwa inatetemeka, lakini meno aliyakaza kwa nguvu ambazo hata sikujua anazo. Mimi ninayejua kila kinachotokea kwenye mwili wa mtu sukari ikishuka, ninayejua kinachofuata baada ya hapo, nilikuwa nimepiga magoti mbele ya mama yangu na kikombe, na elimu yangu yote inamwagika kwenye kidevu chake. Nikachukua simu nikampigia mdogo wangu, nikaiweka spika.

"Mwambie anywe," nikasema. Nilikuwa nalia.

Hakuuliza kitu. "Mama," alisema, taratibu, kwa sauti ileile anayosomea. "Mama, fungua mdomo. Mgonjwa ana ruhusa. Sikiliza maneno ya dada, yeye ndiye anayejua. Sema bismillahi, unywe."

Mama akasema bismillahi. Akanywa kikombe chote.

Aliporudiwa na akili zake vizuri nilimkumbatia, nikashukuru kwamba yuko hai, na chini kabisa ya shukrani ile wivu ulikuwa umekaa unanisubiri. Siku zilizofuata nilisikia habari hiyo ikisimuliwa sebuleni kwangu. Mama alikuwa amekwenda mbali, akasikia sauti ya mwanawe ikimwita kutoka Mkumbara, akarudi. Kulikuwa pia na maji ya sukari, alikubali mama akiulizwa, ndiyo, alipewa. Alipewa! Kana kwamba kikombe kilitembea chenyewe kutoka jikoni.

Lakini jambo moja lilikuwa linanizunguka kichwani. Sukari inayokuwa juu kiasi kile asubuhi, kwa dawa zilezile, imewezaje kushuka namna ile kwa kukosa mlo wa mchana tu? Kuna kitu kilikuwa hakikai sawa. Nikaamua kuamka wakati mama anaamka kwa swala ya alfajiri, nione asubuhi yake inaanzaje kabla sijaingia na mashine yangu.

Alimaliza kuswali, akavuta chupa ya kombe kutoka kando ya kitanda, akajaza kikombe, akanywa. Nikaingia nikauomba mkono wake, naye akanipa kidole kama kawaida.

"Mama, si nilikwambia usinywe kitu mpaka nikupime?"

"Sijatia kitu mdomoni."

"Nimekuona sasa hivi."

Akageuka kuangalia chupa, akashangaa kwa dhati. "Hilo ni kombe."

"Kombe nalo si linaingia tumboni?"

"Maneno ya Mungu hayaendi tumboni," mama akasema, kwa huruma, kama anamweleza mtu aliyesilimu juzi.

Nilichukua chupa nikamimina kidogo kwenye kiganja, nikaonja. Ilikuwa tamu. Ilikuwa na asali, tena si haba. Kila asubuhi, kwa muda wote ule, nilikuwa napima asali ya mdogo wangu na kumpelekea daktari nikidai ni damu ya mtu asiyekula kitu. Daktari alikuwa anaongeza dawa kupigana na asali. Na siku mama alipopitisha mchana bila chakula, dawa zile nyingi zikabaki hazina cha kupigana nacho.

Nilimwambia mama kuanzia sasa hakuna kombe kabla ya kipimo. Alikataa. Kombe ni la asubuhi, kabla ya kitu chochote, ndivyo alivyoagizwa. Tulibishana mpaka nikachelewa kazini. Sikujali. Nilikuwa nimeshampata mdogo wangu.

Jumamosi nilipanda basi la Korogwe, na sijawahi kusafiri kwa furaha namna ile. Korogwe nikabadilisha gari, tukashika barabara ya Moshi, mashamba ya mkonge pande zote na milima ya Usambara mkono wa kulia, mimi napanga maneno. Nilikuwa nimeandaa hotuba. Ningemwambia kwamba dunia hii inaendeshwa na sukari, chumvi na maji, kwamba huwezi kuishi miguu miwili kwenye majahazi mawili, kwamba achague. Hasa nilitaka kuona uso wake akichagua.

Nilimkuta nyuma ya nyumba anapukuchua mahindi, amevaa fulana iliyotoboka, hana kanzu wala kofia. Hilo lilinivunja moyo kidogo, kwa sababu nilitaka kumshinda shehe. Mkewe akaniletea kiti na chai, akarudi jikoni.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Unatia nini kwenye kombe la mama?"

"Zafarani, maji, marashi," akasema. "Na asali kidogo. Alisema marashi yanamtia kichefuchefu."

"Kidogo kiasi gani?"

Akanionyesha kwa kidole kwenye chupa tupu iliyokuwa pale. Haikuwa kidogo.

"Unajua mama ana sukari."

"Najua. Ndiyo maana sikutia sukari, nikatia asali."

Alisema hivyo akiwa na uso mweupe kabisa wa mtu aliyefikiria jambo na akaona amelifanya vizuri. Nikamweleza. Nilimweleza polepole, hatua kwa hatua, bila kumpunguzia. Nilipofika kwenye siku ile ya mfungo aliacha gunzi likaanguka.

"Kwa hiyo siku ile mama alipozidiwa..."

"Ni wewe," nikasema.

Haikuwa kweli yote, maana namba nilizipeleka mimi na sikuwahi kuuliza. Lakini ilikuwa tamu kuisema. Mdogo wangu alijifunika uso kwa viganja vyenye vumbi la mahindi akalia, na mimi nikamwacha alie. Nikanywa chai yangu mpaka nusu.

Ndipo nikatoa hotuba. Nilifika mahali pa kumwambia achague.

"Nichague kati ya nini na nini?" akauliza, anajifuta kwa fulana.

"Kombe au dawa. Huwezi kushika vyote. Kimoja kinakwambia mama anaponywa na maandishi, kingine kinakwambia anaponywa na kidonge. Huoni vinagombana?"

"Vinagombana wapi?" Hakuwa ananibishia, alikuwa anauliza kweli. "Dada, mama alipokuwa hapa alikuwa anaficha vidonge chini ya godoro. Nilivikuta vyote. Ndipo nikaanza kumwandikia, nikamwambia vidonge vya dada vinamezwa kwa kombe, na akiacha kidonge kombe halikamiliki. Mimi naandika ili ameze dawa zako. Nilidhani unajua."

Sikuwa najua. Nilikuwa nimekuja kumnyang'anya ushindi wake, kumbe hata ushindi mdogo niliokuwa nao mimi ulikuwa umepitia mikononi mwake. Kila kidonge nilichompa mama kilikuwa kinashuka kwa kibali cha mdogo wangu. Nilitamani kumpiga na gunzi.

Alichukua simu akampigia mama, mbele yangu. Akamsalimia, akamwambia, "Mama, nimekosea. Kuanzia kesho usinywe kombe mpaka dada akupime kwanza. Nakuandikia jingine, halina asali."

"Sawa, baba," mama akasema.

Basi. Nilikuwa nimebishana naye asubuhi nzima, nimemwonyesha mashine, nimemchorea na picha. Yeye alipata "sawa, baba" kabla chai yangu haijapoa.

Akanawa, akavaa kanzu, akatoa sahani. Aliniomba nimimine maji wakati anaosha maandishi, kwa kuwa watoto walikuwa shambani. Nikamimina. Herufi zilikuwa nzuri, nyembamba, mkono wake hautikisiki. Niliwahi kuzisoma herufi hizo kwa kasi kuliko yeye, na sasa nilizitazama zikiyeyuka na sikuwa nimefika mwisho wa mstari wa kwanza. Midomo yake ilikuwa inasema mambo ambayo yangu ilikuwa imeyasahau. Ningeweza kumwambia ile njano inayeyukaje kwenye maji. Hakuniuliza. Halafu, wakati ananipa chupa, akauliza: "Hivi dada, asali inawezaje kupandisha sukari haraka hivyo?" Na nilipokuwa namweleza alisikiliza kwa macho ya mtoto anayesimuliwa hadithi, akasema, "Subhanallah." Kwangu lile lilikuwa somo la mwaka wa kwanza, na yeye kalipokea kama zawadi.

Baada ya hapo namba za asubuhi zikashuka. Daktari akapunguza dawa, akasema tusubiri tuone kama zitabaki chini kwa vidonge vichache. Jirani yule akaja tena, akamwambia mama amenawiri zaidi, na mama akamshukuru Mungu na kombe jipya la mwanawe, lisilo na asali, ambalo lina nguvu kuliko la kwanza. Mgeni alipoondoka nikaweka trei chini.

"Na mimi je, mama?"

"Wewe nini?"

"Mimi sikukuponya? Nani amegundua? Nani anakupima kila siku ya Mungu? Mbona jina langu halitajwi?" Sauti yangu ilikuwa ya mtoto, nilijisikia mwenyewe, na sikuweza kuishusha.

"Umenitunza. Nani amesema hukunitunza?" Akavuta khanga yake begani. "Lakini mdogo wako akinipa dawa anamwomba Mungu anibakize. Wewe ukinipa dawa unamwomba nani?"

"Simwombi mtu, mama. Dawa inafanya kazi."

"Basi niishukuru dawa," akasema.

Hakuisema kwa ubaya. Aliisema kama mtu anayekubaliana nami, kisha akauliza kama maharage yameiva.

Kesho yake asubuhi niliingia chumbani kwake. Chupa ilikuwa imefungwa, hajaigusa. Alinipa kidole, nikaweka tone, tukasubiri. Ile namba ilipotokea niliisoma mara mbili. Ilikuwa namba ya mtu mzima wa afya, kwa vidonge vichache, bila udanganyifu wowote. Mama yangu asingekufa mwaka huu. Kitu kikanipanda kutoka kifuani hadi kooni, kikubwa, kinataka kutoka, na sikujua nikitoe kuelekea wapi. Niishukuru mashine? Niwashukuru watu wa kiwandani ambao hawamjui mama? Mdogo wangu angejua pa kukipeleka bila hata kufikiri, na mkono mwingine ungekuwa umeshika kidonge.

"Vipi?" mama akauliza.

"Nzuri, mama. Nzuri sana."

"Alhamdulillahi," akasema, na uso wake ukatulia pale pale, kama mtu aliyetua mzigo. Mimi wangu nilikuwa bado nimeubeba. Nikamtazama akinyoosha mkono kuchukua vidonge, na nikamwonea wivu yeye pia.